MAWE KUTOKA KATIKATI YA MTO

Somo: Yoshua 4:1-9 na 4:20-24

Ndugu na dada wapendwa katika Bwana, ninyi mlioko Musenyi na katika kambi nyingine za nchi hii, tunawasalimu kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Sisi wenzenu tunaoishi Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, tu wazima kwa neema yake. Mlituomba neno la kiangazi, la kusomwa nyumbani na jamaa nzima. Basi tunawaletea neno tulilolipata nyumbani, kati ya mbabula na kinu, siku ya mapumziko. Tunaanza kwa kuungama, maana somo hili lilianzia katika kosa letu wenyewe.

1. SIKU TULIYOPUMZIKA

Mnajua ya kuwa tarehe 30 Juni sisi Wakongomani tunakumbuka uhuru wetu wa mwaka 1960, na kesho yake, tarehe 1 Julai, Warundi wanakumbuka uhuru wao wa mwaka 1962. Hivyo kila mwaka tunazo siku mbili zinazofuatana, moja ya nchi tuliyoiacha na moja ya nchi iliyotupokea. Mwaka 2025 jamaa kadhaa za ushirika wetu tulipatana kwamba tarehe 1 Julai hakuna atakayetoka kwenda kutafuta.

Ninyi mnaelewa jinsi jambo hilo lilivyo gumu. Sisi wa mjini hatungojei mgao. Tunalipa pango, na tunakula tulichopata siku hiyo hiyo. Mmoja anafua nguo za watu, mwingine anauza ndagala kwa vikombe, mwingine ni fundi wa viatu. Mwaka ule petroli ilikuwa adimu, na wengi wetu tulitembea kwa miguu asubuhi na jioni. Mtu wa namna hii akikaa nyumbani siku moja, jioni sufuria humwuliza habari. Kwa hiyo tuliweka akiba ya senti kidogo kidogo kwa wiki mbili, ili siku ile tukae bila wasiwasi. Bwana wetu aliona wanafunzi wake wanakosa hata nafasi ya kula kwa wingi wa watu waliokuja na kwenda, akawaita waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Soma Marko 6:31. Tukasema, kama wao walihitaji kupumzika, sisi ni nani?

Siku ilikuwa njema. Mnaijua Bujumbura ya kiangazi: vumbi jekundu, upepo wa jioni kutoka ziwani, na ukungu mkavu unaofunika Tanganyika hata milima ya kwetu ng'ambo haionekani. Wakati wa mvua, hewa ikishaoshwa, tunaiona milima ya Uvira kama iko nyuma ya ua la jirani. Mwezi wa saba tunaijua iko pale, lakini macho hayaioni.

Akina mama walinyunyizia ua maji kabla ya kufagia, vumbi likatulia na ardhi ikanuka kama mvua. Magodoro yalitolewa juani. Watoto walioshwa wakapakwa mafuta. Baba mmoja aliketi na pasi ya makaa akinyoosha mashati ya Jumapili, kazi ambayo hatukuwahi kumwona akiifanya, na hakuna aliyemcheka. Mikeke ilichomwa juu ya mbabula mbili. Sombe ilitwangwa, ikapikwa kwa mawese mpaka nyumba za jirani zikajua. Kwa saa chache hatukuwa watu wa foleni wala watu wa kadi. Tulikuwa watu wenye nyumba.

Ndipo tukafanya lile jambo. Tulikuwa tumeiambia kila jamaa ilete kitu kimoja kilichovuka mpaka pamoja nayo, ili tukionyeshe na kumshukuru Mungu. Vitu vikaanza kutoka. Mwiko wa mti, umelika upande mmoja kwa kusonga ugali. Kitambaa cha kufuma cha kufunika kiti, kazi ya mikono ya bibi ambaye hakuvuka. Kitabu cha nyimbo kisicho na jalada. Picha ya arusi iliyoloa maji. Nyuso zimefutika, limebaki gauni. Kadi ya ubatizo. Ufunguo wa nyumba. Kwa kila kitu tulisikia habari yake, tukacheka, tukanyamaza, tukasema Amina.

Tukafika kwa dada mmoja kijana. Yeye alikimbia mwezi wa Februari 2025, wakati vita vilipoingia Bukavu na watu wakateremka bonde la Ruzizi kwa maelfu. Alivuka mto usiku, mtoto mgongoni. Mzigo ulichukuliwa na maji. Alilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo pamoja na wengi wenu mnaosoma hapa, mpaka ndugu yake akamleta Buyenzi, na ninyi mkapelekwa Musenyi. Tulipomwangalia akasema, "Mimi nimekuja na mtoto." Akainuka, akaenda kwenye kinu, akaanza kutwanga. Sombe ilikuwa imekwisha kutwangwa. Alitwanga majani yaliyokuwa yamewekwa ya kesho.

Sisi tukaendelea na kitu kilichofuata. Hilo ndilo kosa letu. Tulisikia mchi ukipiga, tukaongeza sauti.

2. MAWE YALITOKA WAPI?

Usiku ule tulifungua kitabu cha Yoshua, maana tulikuwa tumekusudia kufunga siku kwa sura ya nne. Tulidhani tunaijua. Israeli wanavuka Yordani, maji yanasimama, watu kumi na wawili wanachukua mawe kumi na mawili, mmoja kwa kila kabila, na mawe hayo yanakuwa ukumbusho. Watoto wakija kuuliza maana yake, wazazi watawaeleza jinsi Mungu alivyokausha maji.

Lakini tuliposoma polepole, tuliona mambo matatu ambayo asubuhi hatukuyaona.

La kwanza, mawe yale hayakutoka nyumbani. Hayakutoka Misri walikotoka baba zao, wala hayakutoka katika mizigo yao. Yalitoka katikati ya mto, pale miguu ya makuhani iliposimama. Yaani yalitoka mahali pa hatari penyewe. Mungu hakuwauliza, mmeleta nini kutoka mlikotoka? Aliwaambia wachukue ukumbusho mahali alipowavusha.

La pili, watu wote walivuka, lakini waliobeba mawe walikuwa kumi na wawili tu. Hebu fikirini: wazee, wajane, watoto, akina mama wenye watoto mgongoni, wote walivuka mikono mitupu kuhusu mawe. Hakuna aliyeambiwa kwamba yeye hakuvuka kwa sababu hana jiwe begani. Mawe ya wale kumi na wawili yalikuwa ya wote.

La tatu, mawe yalipelekwa mahali walipolala usiku ule wa kwanza. Hayakuwekwa katika nyumba nzuri. Nyumba hawakuwa nazo bado. Yaliwekwa kambini, Gilgali. Basi wapendwa, kambi ni mahali panapofaa kusimamisha ukumbusho wa Bwana. Msingoje mpaka mrudi.

Tulipofika hapo tulitazamana. Yule dada alikuwa ametuambia kweli kamili, nasi tulidhani amesema hana kitu. Alikuja na mtoto. Mtoto yule alitoka katikati ya mto. Siku moja atauliza, na mama yake atamweleza.

3. JIWE LISIGEUKE KUWA MUNGU

Wengine watasema, basi vitu vya nyumbani havina maana, tuvitupe. Hapana. Mtume Paulo, akiwa kifungoni na siku zake zimekaribia mwisho, alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu vyake. Soma 2 Timotheo 4:13. Mtume mkubwa, aliyehesabu mambo yote kuwa hasara kwa ajili ya Kristo, alikumbuka joho lake na nyumba alimoliacha. Hakuona haya kuliandika katika waraka. Kwa hiyo mama anayekumbuka sufuria yake iliyobaki Luvungi asiambiwe kwamba ana imani ndogo.

Lakini kuna hatari upande wa pili. Nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa jangwani alikuwa ukumbusho wa kweli: watu walioumwa walimtazama wakapona. Wakamhifadhi vizazi vingi. Halafu polepole wakaanza kumfukizia uvumba, mpaka mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Soma 2 Wafalme 18:4. Kitu kilichotoka kwa Mungu, kikahifadhiwa kwa shukrani, kikageuka kuwa mungu bila mtu kutambua ni siku gani kiligeuka.

Tutajuaje kwamba jiwe letu limegeuka? Tunawapa mifano miwili ya kwetu.

Baba yule mwenye ufunguo alituambia ya kuwa kwa miaka mingi hakukubali kununua hata kiti hapa Bujumbura. Kila kilichohitajika nyumbani alisema, tutanunua tukirudi. Mke wake aliketi juu ya ndoo. Watoto walisomea sakafuni. Naye kila usiku aliugusa ufunguo kabla ya kulala. Habari zilipomfikia kwamba nyumba ile haina tena mlango, aligundua kwamba amewanyima watoto wake nyumba mbili: ile iliyobomoka, na hii aliyokataa kuijenga. Bwana Yesu aliwaonya wanafunzi wake wamkumbuke mke wa Lutu. Yeye hakufa kwa sababu alikuwa na kumbukumbu. Alikwama kwa sababu uso wake ulikuwa nyuma na miguu yake ilitakiwa kwenda mbele. Yule baba bado anao ufunguo. Siku ile ya Julai aliuleta. Lakini aliuleta akiwa amebeba na viti viwili vya mbao vya kukalia wageni, akatuambia vyote viwili ni ushuhuda wake.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Ndugu yetu mmoja alikuwa na kitenge cha marehemu mama yake, kizuri, hakijavaliwa mara kumi. Mtoto wake akaugua na fedha zikaisha. Akakiuza. Baadhi yetu tulimsema vibaya, mmoja hata akanena kwamba amemuuza mama yake. Siku ya tarehe 1 Julai alikuja bila kitu, kama yule dada, akaketi karibu na mlango. Wapendwa, tunamwomba msamaha mbele yenu. Hakumuuza mama yake. Mama yule angekuwa wa kwanza kukifungua kitenge kiunoni kwa ajili ya mjukuu wake. Ukumbusho uliwekwa kwa ajili ya watoto, ili wakiuliza waelezwe. Mtoto haokolewi kwa kuachwa afe mbele ya ukumbusho. Mtoto wake leo anapumua, anacheza, na ana habari ya kusimulia juu ya kitenge cha bibi. Jiwe gani lingine mnataka?

Basi kipimo ni hiki. Kitu cha ukumbusho kikikufanya ushukuru, kihifadhi. Kikikufanya ukatae kuishi hapa Mungu alipokuweka, au ukatae kumlisha aliye mbele yako, mkabidhi Bwana.

4. SAHANI YA JIRANI

Mungu ni mwema, hakuiacha siku ile iishie katika kosa letu.

Jirani yetu ni mama mzee, Mrundi. Alikuja jioni kuomba moto wa mbabula, akamwona yule dada bado yuko kwenye kinu na macho mekundu. Hakuuliza. Alirudi kwake, akaja na sahani ya bati, nyeupe yenye ukingo wa buluu, rangi imebanduka sehemu mbili. Akaketi akasimulia.

Mwaka 1995 alikimbia kutoka Kamenge, wakati vita vilipoumiza mitaa ya mji huu. Alifika Uvira na watoto watatu, bila kijiko. Nchi yetu siku zile iliitwa Zaire. Mama mmoja wa pale alimpa chakula katika sahani ile, akamwambia abaki nayo. Oktoba 1996 vita vikafika Uvira kwa upande wake, na mama huyu akakimbia tena kurudi huku, na sahani ikarudi pamoja naye. Yule aliyempa hakumwona tena. Akasema, "Nimeiweka miaka thelathini. Chukua wewe, binti yangu."

Dada akajibu kwa heshima, "Mama, mimi si wa Uvira. Mimi ni wa Kamanyola."

Mama mzee akacheka. "Na mimi sikuwa wa Uvira."

Wapendwa, sisi wahubiri tulikuwa pale na Biblia zetu, na hakuna aliyekuwa na neno la kuongeza. Sisi tulifanya ukumbusho uwe wa kuonyesha. Mama yule aliufanya uwe wa kulia chakula. Alijua jambo tulilokuwa tumelisahau, kwamba mto ule umevukwa pande zote mbili. Leo tunavuka sisi, jana walivuka wao, na maji ni yale yale.

Dada aliipokea sahani. Asubuhi aliirudisha imejaa sombe, kwa sababu kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Baada ya siku chache mama mzee akaileta na maharage. Hivyo ikawa inakwenda na kurudi. Mwezi wa Desemba 2025 vita vilipofika tena Uvira, na wengine wengi wakavuka kuja huku, dada yule alikwenda kumpokea mama mmoja aliyefika na watoto, akampelekea ugali katika sahani ile ile. Sasa tukiulizwa sahani iko nyumba gani, inabidi tupite tukiulizia.

5. YESU NA MAKAA YA MOTO

Tunamaliza na Yohana 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Kunapopambazuka Bwana amesimama ufuoni. Amekwisha kushinda mauti. Angeweza kuja na majeshi ya malaika. Lakini wanaposhuka chomboni wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana wa utukufu amewapikia. Kisha anawaomba walete na samaki wao, ili chakula kiwe cha pamoja, akawaita wale.

Angalieni pia kwamba Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Yohana 18:18 inatuambia. Na ni mbele ya moto wa makaa aliporudishiwa kazi yake. Yesu hakumpeleka mbali na harufu ile iliyomuumiza. Alimpikia chakula juu yake. Nasi tulio na harufu zinazotuumiza, moshi, maji ya mto usiku, tusidhani Bwana atatuponya kwa kutusahaulisha tu. Anaweza kuketi nasi mahali pale pale, akageuza mikeke juu ya mbabula, akatuuliza kama tunampenda.

Kwa hiyo, akina mama na akina baba, msidharau kazi ndogo za nyumbani. Kufagia ua, kuanika godoro, kuchambua maharage, kushona kifungo, kuchemsha chai ya tangawizi na kumwita jirani: hizo ni kazi ambazo Bwana mfufuka hakuziona kuwa ndogo kwake. Hema ni nyumba ikiwa ndani yake kuna anayempikia mwenzake.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Moja. Chagueni siku moja ya kiangazi hiki, mpumzike jamaa nzima, hata kama ni nusu siku. Wekeni akiba kidogo kabla.

Mbili. Waelezeni watoto jinsi mlivyovuka. Msiwatishe, waambieni na pale Mungu aliposimama. Mtoto asiyeambiwa na mzazi ataambiwa na mitaa.

Tatu. Msimwulize mtu amekuja na nini. Mwulizeni amekula.

Nne. Kama kuna mtu mliyemsema vibaya kwa sababu ya kitu alichouza au alichopoteza, mwendeeni kabla ya Jumapili. Sisi tumekwisha kwenda.

TUOMBE

Bwana Mungu wetu, uliyesimamisha maji ya Yordani, tunakushukuru kwa ajili ya waliovuka na kwa ajili ya vitu vilivyovuka pamoja nao. Wapo ambao hawakuvuka. Majina yao unayajua, tunakukabidhi. Utusamehe tulipopenda ukumbusho kuliko mtu. Wape amani Bukavu, Uvira, Kamanyola na bonde lote la Ruzizi, na uwabariki Warundi waliotupokea. Na siku utakapoturudisha, turudi na sahani zisizo tupu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Sisi ndugu zenu wa ushirika wa Buyenzi, Bujumbura.